Bao na Saa za Kazi: Historia ya Mchezo wa Watu Wazima wa Pwani

Bao la Kiswahili ni mchezo wa watu wazima. Watoto huanza na bao la kujifunza, ambalo ni jepesi zaidi, lakini tangu zamani wanaolikalia bao lenyewe barazani ni wavuvi, mabaharia, maseremala, mafundi cherehani, makarani, madereva na walimu: watu wenye kazi za kufanya na familia za kulisha. Kwa hiyo historia ya bao haitenganiki na historia ya kazi. Kila utaratibu wa kazi ulipobadilika katika pwani ya Afrika Mashariki, kutoka majira ya pepo hadi king'ora cha bandari, na kutoka bandarini hadi ofisini, swali lilikuwa lile lile: mtu mzima aupende mchezo kiasi gani ili kazi yake isiharibike? Watu wa pwani walilijibu kwa vitendo. Waliupa mchezo saa yake, mahali pake na masharti yake. Utaratibu huo ndio uliouwezesha mchezo mgumu kiasi hiki kuishi vizazi na vizazi mikononi mwa watu wasiolipwa hata senti kwa kuucheza.

Mchezo wenyewe

Bao huchongwa kwenye ubao wa mti mgumu. Lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane. Safu mbili ni za mchezaji mmoja na mbili ni za mwenzake. Kete ni 64, kila mtu 32, na kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mmea wenye miiba unaoota kandokando ya fukwe. Katika safu ya mbele ya kila upande lipo shimo la mraba linaloitwa nyumba. Mchezo ukianza, kila mchezaji huweka kete sita katika nyumba yake na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia, kisha hubaki na kete 22 mkononi.

Hatua ya kwanza ni kunamua. Kila zamu mchezaji huingiza kete moja kutoka mkononi. Ikiangukia katika shimo lake lenye kete, nalo likawa linatazamana na shimo la mwenzake lenye kete pia, hula kete hizo za mwenzake na kuzitandaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono haupumziki: hula tena kama kuna cha kula, au huzoa kete za shimo hilo na kuendelea kuzitandaza. Ikiangukia shimo tupu, imelala, na zamu inahama. Zamu moja inaweza kuuzunguka upande wa mchezaji mara kadhaa na kugeuza mchezo mzima. Kete za mkononi zikiisha, huingia hatua ya mtaji, inayochezwa kwa kete zilizoko ubaoni tu. Anayezimaliza kete za safu ya mbele ya mwenzake ndiye mshindi. Akimshinda kabla kete za mkononi hazijaisha, hilo ni bao la mkononi, na watazamaji hawalisahau upesi.

Bao halina dadu wala bahati. Kinachotakiwa ni hesabu. Mchezaji hodari huutazama ubao na kujua kete ya mwisho italala wapi kabla hajagusa hata shimo moja. Ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa mwaka mmoja. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyefanya utafiti miongoni mwa mafundi wa bao wa Zanzibar na kuchapisha tasnifu yake mwaka 1995, alionyesha kwamba mabingwa hao waliweza kujifunza hata kucheza bila kuutazama ubao, wakiweka kete zote 64 kichwani. Watu hao walikuwa na kazi zao za kila siku. Ufundi wao waliujenga jioni moja baada ya nyingine kwa miaka mingi.

Michezo ya jamii ya bao imeenea sana barani. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, yapo mabao yaliyochongwa juu ya mwamba. Mfaransa Étienne de Flacourt, katika kitabu chake kuhusu Madagaska cha mwaka 1658, aliueleza mchezo wa mashimo na mbegu alioukuta kisiwani humo. Uganda kuna omweso, Rwanda kuna igisoro na Malawi kuna bawo. Lakini bao la pwani, pamoja na nyumba yake na hatua ya kunamua, linahesabiwa miongoni mwa yaliyo magumu kuliko yote katika ukoo huo, na lilikulia katika miji ya biashara ambako watu wa kazi mbalimbali walikutana kila jioni.

Pepo, bamvua na adhana

Kabla ya saa ya ukutani, kazi ya pwani ilipimwa kwa bahari na kwa mvua. Majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja na kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, yakaondoka na kusi iliyoanza kushika Aprili. Baharia na mfanyabiashara hawakuwa na uwezo wa kuuharakisha upepo. Baada ya shehena kuuzwa, tanga kushonwa na chombo kupakwa sifa (mafuta ya samaki), siku nyingi zilibaki za kungoja. Mvuvi naye alifuata bamvua na maji mafu, na pepo kali za kusi zilipochafua bahari, ngalawa zilikaa ufukweni. Mkulima alikuwa na pilika za masika na za vuli, na katikati yake vipindi vya nafasi. Kazi ilikuja kwa mafungu: kuna wiki ambazo mtu hakupata usingizi wa kutosha, na kuna wiki ambazo mikono haikuwa na la kufanya.

Hata hivyo, katika wiki hizo za nafasi mchezo haukuachwa utawale siku nzima. Sala tano ziliigawa siku, na baina ya alasiri na magharibi palikuwa na takriban saa mbili na nusu ambazo jua limepoa, soko limetulia na chakula cha usiku hakijawa tayari. Hiyo ndiyo ikawa saa ya bao. Ilianza watu wanapotoka msikitini alasiri na ikakatwa na adhana ya magharibi. Mwisho wa mchezo haukutegemea hamu ya mchezaji, kwa kuwa mtu anayeshinda hana hamu ya kuondoka, na anayeshindwa anataka kulipiza. Adhana ilisikika na wote kwa pamoja, haikuwa na upande, wala hakuna aliyeweza kuijadili.

Sheria ya dini nayo iliweka mpaka. Kwa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, mchezo wa akili usio na dadu kama sataranji ni makuruhu, na huwa haramu ukitiwa kamari au ukimpitisha mtu sala. Kipimo hicho kiliwafaa wacheza bao pia: pasiwekwe dau, na wajibu usipitwe na wakati. Mwezi wa Ramadhani ratiba ilipinduka, michezo ikahamia usiku baada ya tarawehe, na daku ikawa ndiyo kikomo. Saa zilibadilika, lakini kikomo kilikuwapo.

Mahali palikuwa na umuhimu sawa na saa. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa, nyumba nyingi za mawe zina mabaraza, viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta wa mbele, vikitazama njia. Baraza si ndani wala si nje: mwenye nyumba yuko kwake, na mji mzima unamwona. Aliyekaa hapo kucheza alijulikana yuko wapi. Mteja aliyemtafuta seremala alimpata, mtoto aliyetumwa na mama yake kumwita baba alimpata, na mdai alimpata pia. Mtu aliyeonekana barazani asubuhi na mapema, siku baada ya siku, aliulizwa na wazee kama ana jambo. Hakukuwa na haja ya sheria ya maandishi.

Palikuwa pia na kanuni iliyo ndani ya mchezo wenyewe. Ubao ni mmoja na wanaotaka kucheza ni wengi, basi katika mabaraza mengi mshindi hukaa na aliyeshindwa huinuka. Mchezaji wa kawaida hucheza mabao machache kwa jioni, na muda mwingi hutazama, hujifunza na kuzungumza. Maneno hayo ndiyo faida nyingine ya baraza: hapo ndipo zilipopatikana habari za chombo kinachotafuta mabaharia, nyumba inayotaka mwashi, bei ya nazi na mwenye mbao za kuuza. Kwa fundi aliyejitegemea, baraza lilikuwa pia mahali pa kupatia kazi.

Katika karne ya 19 bao lilikuwa limeshakita mizizi katika fikra za pwani kiasi cha kuingia katika ushairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840, anakumbukwa kama mtu aliyeutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni, na miongoni mwa mashairi yake yamo yanayotumia bao na istilahi zake kuzungumzia mashindano ya watu. Msomaji wake alitarajiwa kuujua mchezo bila kuelezwa.

Nafasi ya kukaa barazani, hata hivyo, haikuwa ya kila mtu. Karne ile ile ndiyo iliyojaza mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka ya Malindi, kwa watumwa waliofanya kazi kwa amri ya bwana. Mapumziko ya wenye mabaraza yalibebwa na jasho la watu hao. Historia ya kweli ya mchezo wa watu wazima haina budi kuusema ukweli huo: uwezo wa kuamua saa ya kazi na saa ya mchezo ulikuwa sehemu ya uungwana, na asiye huru hakuwa nao.

King'ora cha bandari

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Walioachwa huru walikuwa na mahitaji mengi, na mojawapo ya yale waliyoyashikilia kwa nguvu ni haki ya kupanga siku zao wenyewe. Wengi walilima vipande vidogo vya ardhi, wakachuma karafuu katika msimu wake, na wakafanya kibarua walipohitaji fedha. Maofisa wa kikoloni na wenye mashamba waliyaona maisha hayo na kuyaita uvivu. Walitaka mtu anayekuja kila siku, kwa saa zile zile, awe na shida ya fedha au asiwe nayo.

Mvutano huo ulionekana wazi zaidi Mombasa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka hapo mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Katika miaka ya 1920 Kilindini ilipata magati ya kina kirefu. Kazi ya kupakia na kupakua ilifanywa kwa sehemu kubwa na vibarua walioajiriwa kwa siku. Meli ikija, watu walihitajika kwa mamia. Meli isipokuwapo, hakuna malipo. Kibarua alipokwisha kupata cha kumtosha, aliweza kupumzika siku mbili tatu, akashughulikia shamba lake au akakaa barazani. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kwa kirefu kuhusu wafanyakazi wa bandari hiyo, ameonyesha jinsi uhuru huo mdogo ulivyowakera waajiri, na jinsi wafanyakazi walivyouthamini.

Kazi ya namna hiyo ilikuwa na uchungu wake. Ujira ulikuwa mdogo, kodi za nyumba zilipanda, na siku ya kukosa meli ilikuwa siku ya njaa. Mombasa iligoma mwaka 1939, ikagoma tena Januari 1947 kwa mgomo mkuu uliowahusisha watu wapatao 15,000. Zanzibar ilikuwa na mgomo wake mkuu mwaka 1948. Serikali ilijibu kwa kubadili mfumo wenyewe wa ajira. Mwaka 1954 vibarua wa bandari ya Mombasa waliandikishwa katika orodha, na asiyetimiza kiasi cha siku kilichowekwa aliondolewa. Ujira uliboreka kwa waliobaki, na uhuru wa kuchagua siku ukatoweka.

Kabla ya hapo dunia nzima ya viwanda ilikuwa imepigania jambo jingine: kikomo cha kazi. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa nane kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani. Kanuni ya namna hiyo ilichelewa kuwafikia wafanyakazi wa Afrika, lakini ilipofika ilibadilisha maana ya jioni. Zamani jioni ilikatwa kutoka katika siku na adhana. Sasa ilikatwa pia na saa ya ajira. Mfanyakazi alikuwa na wakati wa mwajiri na wakati wake mwenyewe, na baina yake palikuwa na mstari.

Bao halikupotea katika mabadiliko hayo, lilijipanga. Ofisi za serikali Tanzania hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na karani anayetoka saa hiyo, akala, akasali, hufika barazani wakati ule ule ambao babu yake baharia alifika. Fundi na mwenye duka huja baada ya kufunga. Bingwa wa bao anaweza kuwa mchuuzi au mwalimu, na barazani cheo cha ofisini hakimsaidii mtu. Bosi akiingiza kete vibaya huliwa na mpiga rangi mbele ya watu. Heshima ya namna hiyo, inayotafutwa kwa akili pekee na isiyogharimu kitu, imekuwa kitulizo kikubwa kwa watu ambao kazini mwao hawasikilizwi na mtu.

Bao limebaki kuwa mchezo wa ridhaa. Hakuna aliyeacha kazi ili alipwe mshahara wa kucheza. Pale palipo na mashindano, yakiwemo yanayofanyika katika Tamasha la Utamaduni la Lamu, mshindi hupata zawadi na sifa, kisha hurudi kwenye shughuli zake. Kukosekana kwa fedha kumeulinda mchezo usidai zaidi ya jioni.

Jioni ya nani?

Wengi waliokaa barazani walikuwa wanaume. Wanawake wa pwani wanalijua bao na wapo wanaolicheza nyumbani, lakini saa ya alasiri, ambayo kwa mwanamume ilikuwa ya mapumziko, kwa mwanamke ilikuwa saa ya kukuna nazi, kuteka maji na kupika. Mazungumzo yake na majirani yalikwenda pamoja na kazi ya mikono: kusuka ukili kwa ajili ya mkeka, kushona kofia, kuchambua mchele. Alistarehe huku anazalisha. Michezo yake mikubwa, kama ngoma ya lelemama, ilingoja harusi na sikukuu.

Jambo hili lilitajwa waziwazi katika waraka mmoja mkubwa wa siasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipiga hesabu ya saa. Lilieleza kwamba wafanyakazi wa mijini hufanya kazi saa saba na nusu au nane kwa siku, takriban saa 45 kwa wiki. Likasema kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, ilhali wanaume wa vijijini wengi wako likizo kwa nusu ya maisha yao. Mwandishi wake mkuu, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa mpenzi wa bao aliyejulikana, na aliendelea kulicheza na wenzake hata alipostaafu na kurudi Butiama. Hakuna mgongano hapo. Alichokilaumu ni starehe ya mtu mmoja inayolipwa kwa kazi ya mwingine. Swali hilo bado linamhusu kila mtu mzima mwenye mchezo anaoupenda: wakati anacheza, nani anafanya kazi iliyobaki nyumbani?

Viongozi na wacheza michezo

Baada ya uhuru, mataifa mapya yalihitaji kazi kwa haraka, na mtu aliyeonekana ameketi mchana alitazamwa kwa jicho kali. Tanzania ilipokuwa katika shida kubwa ya uchumi, ilitunga mwaka 1983 sheria ya ugawaji wa nguvu kazi, na watu wa mijini wasio na kitambulisho cha ajira walikamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Wengi wa waliokamatwa walikuwa wakijitafutia riziki kwa biashara ndogondogo. Ilidhihirika kwamba si rahisi kumtambua mvivu kwa kumtazama tu, kwa kuwa aliyekaa mchana huenda alikesha kazini, na aliye mbioni huenda hana analozalisha.

Viongozi wenyewe walikuwa watu wa barazani. Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyekuwa baharia katika ujana wake, aliuawa kwa risasi jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui. Masimulizi mengi yanaeleza kwamba alikuwa akicheza bao na wenzake. Msiba huo ni habari ya siasa, lakini unaonyesha pia jinsi saa ya jioni ya mchezo ilivyoheshimiwa na watu wa ngazi zote, hata mkuu wa nchi.

Kandokando ya bao ilikua michezo mingine. Drafti ilienea mijini na vijijini, ikichezwa kwa vizibo vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa mkono. Dhumna, karata na keram zilijaza mabaraza ya Zanzibar, na katika Jaws Corner, Mji Mkongwe, kahawa chungu, dhumna na siasa vimekaa pamoja kwa miaka mingi. Pool ilipoingia, ilileta jambo jipya: meza ni ya mwenye baa, kila mchezo hulipiwa, na mwenye meza hana sababu ya kumwambia mchezaji aende kazini. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wasiwaache vijana wacheze pool asubuhi, saa za kazi. Kilichokatazwa hapo ni saa, sawa na ilivyokuwa barazani zamani. Tofauti ni kwamba kazi iliyokuwa ya wazee na adhana sasa ilifanywa na dola.

Sheria ya kazi nayo iliendelea kuuchora mstari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, siku sita, na saa tisa kwa siku. Mtu mwenye ajira rasmi ana haki ya jioni yake. Tatizo ni kwamba walio wengi hawana ajira hiyo. Dereva wa bodaboda na mama ntilie hawana mwajiri wa kuwafungulia mlango jioni. Wanalazimika kujiwekea mstari wenyewe, kama alivyofanya fundi wa zamani.

Gemu na kikomo kilichopotea

PlayStation ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1994, na mashine ya pili ikafuata mwaka 2000. Katika miji ya Afrika Mashariki nyingi zilianzia kwenye mabanda ya gemu, ambako vijana walilipia mechi moja moja ya mpira na wengine wakisubiri zamu nyuma yao. Mabanda hayo yalikuwa na sura ya baraza: watazamaji, kelele, kupokezana, na mwisho ulio wazi wa kila mechi. Vijana wa wakati ule sasa ni watu wazima. Ni wahasibu, wauguzi, walimu na mafundi wa kompyuta, na mapenzi yao hayakuisha walipoajiriwa. Wanayo mashine sebuleni, na simu mfukoni inayobeba gemu kila mahali, ikiwemo ofisini.

Hakuna aibu katika jambo hilo. Aliyechoka kwa kazi anahitaji kitu kinachoishughulisha akili kwa namna nyingine, na mtu mzima anayecheza gemu saa mbili usiku hafanyi tofauti na karani wa mwaka 1960 aliyekwenda barazani. Tofauti iko katika mazingira. Gemu nyingi za intaneti zimetengenezwa zisiwe na mwisho: mechi ikiisha nyingine inajipanga, na kuna zawadi ya kesho kwa anayerudi kesho. Mchezaji yuko peke yake chumbani, hivyo hakuna anayesubiri zamu, wala mzee wa kumuuliza kama ana jambo. Anacheza usiku wa manane, na deni la usingizi hulilipa asubuhi kazini. Pale gemu inapoungana na kubeti, hata sharti la zamani la kutoweka dau linavunjika.

Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa michezo ya kidijitali katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Vigezo vyake ni vitatu: mtu kushindwa kujizuia, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Idadi ya saa haikutajwa miongoni mwa vigezo hivyo. Kinachotazamwa ni nani anayetawala, mchezaji au mchezo. Watu wa baraza walikuwa wakitazama jambo hilo hilo.

Historia ya bao, basi, haimfundishi mtu mzima kuacha mchezo anapopata kazi, wala haimruhusu kuufanya mchezo kuwa kazi ya pili isiyo na mshahara. Mchezo ulidumu kwa sababu ulikuwa na vitu vinne: saa inayoanza baada ya kazi, kikomo kisichoamuliwa na mchezaji, mahali panapoonekana na watu, na kutokuwepo kwa fedha mezani. Vitu hivyo havikuletwa na mbao wala kete. Viliwekwa na watu, na watu wa leo wanaweza kuviweka tena. Mwenye gemu na apange na wa nyumbani mwake jioni zake na za mwenzake pia, afunge mashine kwa saa waliyokubaliana, acheze na marafiki anaoweza kuwatazama usoni, na asitie dau. Akifanya hivyo, mchezo wake utazeeka naye bila kumgharimu kazi, kama bao lilivyozeeka na mabaharia, makarani na marais.